Alama ya Kumi na Tatu

9 Februari

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko mto unakoishia? Natumaini wewe na wote wa nyumbani kwako mko salama. Sisi tu wazima, isipokuwa baba, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Mwalimu wetu anasema kuanza habari bila salamu ni kama kuingia chumbani kwa watu bila kubisha. Basi nimebisha.

Hunijui. Mimi ni mtoto wa pekee wa yule seremala uliyesafiri naye kwa mtumbwi zamani, kabla sijazaliwa. Nina miaka kumi na minne na niko mwaka wa kwanza sekondari. Anwani yako nimeitoa kwenye kalenda. Kila mwaka mpya hutufikia kalenda ya karakana ya boti, ndani ya bahasha isiyo na barua. Baba huitundika juu ya meza yake ya kazi. Siku moja nilimuuliza inatoka kwa nani, akajibu, "Kwa mtu wa nyuma," kisha akaendelea kupiga randa. Mama anasema mtu huyo ni wewe.

Mwezi wa Novemba baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na ulimi nao ukalala. Zamani alikuwa akisema mpaka mama, anayeshona sare za shule pale sebuleni, anamwambia, "Mume wangu, funga duka, wateja wamechoka." Sasa duka limefungwa, na mama ndiye anayelia.

Kitu pekee anachofanya ni kugonga ubao wa kitanda kwa kidole. Mara tatu. Mama analeta maji, baba anatikisa kichwa. Mimi naleta mto, anatikisa kichwa. Shangazi alileta beseni, baba akageukia ukutani kabisa.

Mtaalamu wa hospitali ametupa mazoezi ya kumnyoosha vidole, na ametukataza kumwonyesha kijiko na kumuuliza, "Hiki ni nini?" Anasema tumsimulie mambo aliyoyapenda. Alichokipenda baba ni ile safari. Kila mara alianza hivi: "Siku kumi na mbili majini, mwanangu, siku kumi na mbili!" Lakini mimi nilikuwa nikipiga miayo makusudi ili aache, kwa hiyo ninayo vipande vipande tu. Tafadhali niandikie yote, nami nitamsomea. Natamani nimsikie tena akiniudhi.

Mwanao,
Binti wa fundi

*

2 Machi

Kwa mwanangu, binti wa Redio,

Marahaba, marahaba. Mimi ni mzima, ila magoti hulia kama bawaba kavu. Mpe mama pole nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa.

Kwanza tusahihishane. Mimi si baba mdogo wako! Nilimzidi baba yako miezi minne, na nilimkumbusha kila siku ya safari. Mimi ni baba mkubwa. Pili, jina la baba yako ni Redio. Mimi niliitwa Kobe, nawe utaona kwa nini, maana nitasimulia polepole.

Tulikuwa wanagenzi wa seremala mmoja, mzee mkali aliyetupigia kelele hata tulipokuwa hatujakosea, ili asisahau. Alipotufuzisha tulisikia kwamba huku mto unakoishia kuna karakana ya boti inayotafuta mafundi. Hatukuwa na usafiri, lakini tulikuwa na tezo mbili na gogo lililoangushwa na upepo. Tulilichonga wiki sita. Redio alichonga upande wa kulia huku akisema, mimi upande wa kushoto nikinyamaza, na ndiyo maana mtumbwi ule unaegemea kushoto kidogo. Alidai kimya changu ni kizito.

Yeye alikaa mbele, mimi nyuma. Wa mbele huona mawe, wa nyuma huongoza. Wa mbele hageuki, kwa sababu akigeuka mtumbwi unayumba, na jiwe halimsubiri. Kwa siku zote zile niliangalia mgongo wa baba yako. Ningeweza kuuchora hata leo, pamoja na lile shati la kijani lililopasuka begani.

Sasa, kuhusu kugonga. Redio alisema mno hata sikujua lipi ni la jiwe na lipi ni la hadithi. Siku ya pili tuligonga mwamba kwa sababu alisema "kulia!" katikati ya kisa cha harusi ya binamu yake, nami nikadhani ni bibi harusi aliyekuwa kulia. Tangu hapo tukakubaliana: jambo la kweli ligongwe kwa kasia kwenye mbavu za mtumbwi. Mara moja, jiwe kushoto. Mara mbili, jiwe kulia. Mara tatu, nimechoka, twende nchi kavu tukae.

Mwanangu, baba yako hataki maji. Anataka mwache mazoezi kidogo mkae naye.

Nakumalizia kwa siku ya tano. Kiboko aliibuka mbele yetu, mkubwa kama kabati la milango mitatu. Mimi nilitulia kama maji ya mtungini. Baba yako ndiye aliyemwita mama yake kwa jina. Msomee hapo, polepole.

Baba yako mkubwa,
Kobe

*

15 Machi

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukupunguzia umri. Magoti yanaendeleaje? Mama anasema jaribu kuyafunga kitambaa cha moto. Sisi hatujambo, na safari hii naweza kusema hatujambo sote.

Jumanne baba aligonga mara tatu. Mama aliinuka kuelekea jikoni, nikamwambia, "Mama, keti." Tukaketi naye kitandani, mmoja huku na mwingine kule, bila kumnyoosha vidole wala kumuuliza kitu. Baba alitutazama, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mama alilia tena, lakini kilio kingine.

Kisha nikamsomea barua yako. Nilipofika pale pa kiboko, kwamba wewe ulitulia kama maji ya mtungini, baba alianza kutikisika mabega. Nikadhani anaugua. Akafungua mdomo, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea barua, akasema waziwazi:

"Mwongo!"

Baba Mkubwa, hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Novemba! Lilitoka zima, na herufi zake zote. Mama alitoka mbio na sindano mdomoni kwenda kumwambia jirani. Siku nzima nilikuwa nikilisikia masikioni. Mwongo, mwongo, mwongo. Nilitaka ulipate kabla halijapoa.

Sasa nina swali. Mtumbwi wenu bado upo. Umelazwa juu ya magogo mawili nyuma ya karakana, nami hukaa ndani yake ninaposoma, kwa sababu nyumbani kuna kelele za cherehani. Ndani, upande wa kulia wa kiti cha mbele, kuna alama za patasi. Baba aliniambia aliweka moja kwa kila siku ya safari. Juzi nilizihesabu. Ziko kumi na tatu.

Lakini baba husema siku kumi na mbili, sikuzote. Seremala hapotezi hesabu ya alama kumi na tatu za ubao. Siku ya kumi na tatu ilikuwa na nini? Niandikie, nayo pia nitamsomea. Labda itamtoa neno la pili.

Mwanao,
Binti wa Redio

*

20 Aprili

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini ukimya wako ni ule wa Kobe tu, si wa ugonjwa. Sisi hatujambo.

Labda barua yangu ilipotea njiani. Au labda niliuliza jambo lisilonihusu. Kama ni hivyo, nisamehe, nami nalifuta swali langu. Tuandikie tu siku ya sita.

Baba sasa ana maneno manane. Nimeyaandika ukutani kwa chaki: mwongo, mama, hapana, moto, mbao, wewe, kesho, na neno moja ambalo mama amenikataza kuliandika. Kila mtu wa posta akipita yeye huinua kichwa.

Mwanao,
Binti wa Redio

*

11 Juni

Kwa mwanangu,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa baba yako, kama bado anazipokea kutoka kwangu.

Barua zako zote mbili zilifika. Uliandika kwa furaha kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "mwongo". Mwanangu, wewe uliona kiboko. Mimi sikuona kiboko. Neno lile lilikuja moja kwa moja hadi mlangoni kwangu, likakaa miezi mitatu, sikuweza kulikaribisha wala kulifukuza. Umeniuliza kwa adabu, basi nitakujibu.

Siku ya kumi na mbili jioni tulifika. Tulilala ndani ya mtumbwi, gatini. Asubuhi Redio alikuwa na homa, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Akaniambia, "Tangulia, Kobe. Waambie tumefika." Nikaenda. Msimamizi wa karakana hakuinua hata macho. Akasema, "Nafasi imebaki moja. Mko wangapi?"

Nikamjibu, "Niko peke yangu."

Akanipa randa saa ile ile. Nilijiambia kwamba nitatoka mchana nimweleze. Mchana nikajiambia jioni. Dirisha la karakana lilitazama gati. Niliuona mtumbwi, nikaona shati la kijani. Alikuwa amekaa kiti chake cha mbele, ameuelekea mto, ananisubiri nirudi nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amezoea kuniamini bila kuniangalia.

Alasiri alianza kugonga. Mara tatu. Ananyamaza. Mara tatu. Kelele za misumeno zilikuwa nyingi, wenzangu hawakusikia kitu. Mimi nilisikia. Niliendelea kupiga randa mpaka ule ubao ukawa mwembamba hadi haukufaa kitu, msimamizi akanigombeza.

Asubuhi iliyofuata gati lilikuwa tupu. Mchukuzi aliniambia kijana mmoja mgonjwa amepakia mtumbwi kwenye boti ya mizigo, amerudi juu, mto unakotokea. Siku ile aliyokuwa akinigongea ndiyo siku ya kumi na tatu.

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minane. Sasa mimi ndiye msimamizi, na kijana akija kuomba kazi simuulizi wako wangapi. Kila mwaka mpya nilikaa kumwandikia baba yako, nikashindwa hata kwenye salamu, nikatia kalenda kwenye bahasha. Sikujua kama zinafika. Wewe umeniambia huzitundika. Sikulala vizuri siku ile, lakini kwa raha.

Usimsomee barua hii kama itamrudisha nyuma. Nakuachia wewe, maana sasa wewe ndiye umekaa mbele, nawe ndiye unayeona mawe.

Kobe

*

27 Juni

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nakuita hivyo bado, ingawa safari hii hukutia sahihi ya baba mkubwa. Natumaini u mzima. Hapa hatujambo, na naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako nilitembea nayo siku tatu ndani ya daftari la hesabu. Nilikukasirikia. Ni lazima niseme, kwa sababu mwalimu anasema barua isiyo na ukweli ni karatasi iliyoharibiwa. Nilienda nikakaa kwenye kiti cha mbele, nikajaribu kukaa bila kugeuka, na sikuweza hata kwa muda wa kuhesabu mia. Yeye alikaa siku nzima, na homa.

Mwishowe nikamwonyesha mama. Alisoma, akakunja, akanirudishia. "Msomee yote," akasema. "Usiruke hata nukta. Mwenye barua ni yeye."

Nikamsomea. Baba alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aligonga ubao, nikadhani ni mara tatu, kwamba amechoka, lakini alikuwa akiomba fimbo aliyopewa hospitali tangu aanze kusimama. Tulikwenda nje taratibu, mama kiwiko kimoja, mimi kingine, mpaka kwenye mtumbwi. Aliinama. Akaanza kuzihesabu zile alama kwa kidole gumba cha kushoto, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Sikujua kama ana maneno yote hayo. Alipofika ya mwisho aliifunika kwa kidole.

"Kumi na mbili," akasema.

"Baba, hiyo uliyofunika ni ya kumi na tatu."

Akanitazama kama zamani, nilipokuwa nikipiga miayo.

"Kumi na mbili," akarudia, na kidole hakukiondoa.

Hapo ndipo nilipokumbuka, Baba Mkubwa, kwamba katika hadithi zake zote ulikuwa mjinga, mwoga, mzito na mlafi, lakini hakuna hata siku moja uliyokuwa mtu mbaya. Kila mara aliimaliza hadithi mtumbwi unapofika gatini. Nilidhani ni kwa sababu nimeanza kusinzia.

Mama alimuuliza, "Tumwambie nini mtu wa watu?" Baba alifikiri sana. Alipata maneno moja moja, kama mtu anayeokota misumari iliyomwagika, nami sikumsaidia, kwa sababu mtaalamu amekataza kumtafutia maneno. Nimeyaandika kama alivyoyatoa, pamoja na mapumziko yake.

Usijibu barua hii. Boti ya mizigo hutia nanga hapa kila Ijumaa alasiri, nami natoka shuleni saa tisa, kwa hiyo naweza kuwa gatini kila Ijumaa bila kuchelewa kitu. Utanitambua kwa sketi ya bluu. Nimeanza kuupaka mtumbwi lami mahali ulipopasuka, na kasia moja bado ni zima. La pili njoo nalo.

Haya ndiyo maneno ya baba:

"Mwambie aje. Safari hii... akae mbele yeye. Nimwone."

Mwanao,
Binti wa Redio