Sosiot ya Mama

Jumatatu, 5 Mei
Sampuli za chai asubuhi nzima, hapa maabara Kericho, kutafuta mabaki ya dawa za shamba. Tone juu ya kioo chenye chembe za dhahabu, mwanga wa leza, kisha mchoro wa vilele kwenye skrini. Chembe zenyewe hazionekani kwa macho, lakini bila hizo sumu kidogo haitambuliki kabisa. Zote safi. Mama amepiga simu kutoka Sotik: mwanangu Chebet, anayekaa naye, ametapika tena. Anasema ni meno. Meno gani haya yasiyoisha.

Jumatano, 7 Mei
Nimempeleka Chebet hospitalini. Jasho, mate yanamtoka, mboni zimekuwa ndogo kama punje za wimbi. Daktari ameuliza kama nyumbani kuna dawa ya shamba. Ipo, ya viwavi wa mahindi, lakini ndugu yangu Kiprono huifungia stoo. Mtoto amelazwa. Naogopa hata kumtazama akilala.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeleta maabara kila anachokula kwa nyanya yake, hata mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni. Mama hakupenda. "Nyinyi wote nimewalea na mursik. Hiyo mashine yako itaona masizi tu."

Kwa hilo hakukosea. Mkaa wa mti wa senetwet tunaopaka ndani ya kibuyu umefunika mchoro wote. Maji safi. Uji safi. Maziwa mabichi safi. Mursik, sijui.

Ijumaa, 9 Mei
Nimetenga masizi, nimepima upya. Nimepima pia mursik ya jirani wa Mama ili nilinganishe. Ya jirani: safi. Yetu: dawa ya viwavi, kilele kimesimama wazi. Nimerudia. Bado kipo.

Nimemwambia daktari. Nimempigia Mama, asiinywe, asimpe mtu. Hakubishana. Hilo limenitisha zaidi.

Jumamosi, 10 Mei
Njia nzima kwenda Sotik nimewashuku majirani, mmoja baada ya mwingine. Aibu.

Nimefika jikoni, nimeshika sosiot, ule ufito wenye ncha iliyopondwa ambao Mama husugulia vibuyu. Nimeunusa. Moshi tu. Kiprono alikuwa mlangoni, akaniona nimeushika.

"Pampu ya dawa iliziba. Nilisugua ndani na hiyo tu. Nikasuuza."

Akasuuza, akairudisha mahali pake. Nilitaka kumpiga. Alianza kulia kabla sijamfikia.

Jumatatu, 12 Mei
Chebet ametoka hospitali. Mama amechoma sosiot. Halafu kibuyu, kile alichopewa na mama yake alipoolewa.

Jumamosi, 17 Mei
Sosiot mpya inaning'inia juu ya kitanda cha Mama. Leo asubuhi, mursik ya kwanza katika kibuyu kipya. Nilishapima, ni safi, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akajimiminia kikombe yeye kwanza, akakinywa chote, akaketi mlangoni. Chebet akalia, anataka yake. Mama hakugeuka. Alikaa hapo akingoja kama kitamdhuru, mpaka jioni wachumaji wa chai wakapita na majani yao kwenda kituoni. Ndipo akampa.