Kijiko Hakikugongwa Mara Mbili

Jumapili, tarehe 18, asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba shemeji ameacha kubishana na daktari kuhusu chumvi. Mimi mdogo wako natembea, nakula na kazini nakwenda. Uchovu tu ndio haujanihama, lakini huo nimeshauzoea kama mpangaji wa chumba cha pili; tunapishana mlangoni na kusalimiana.

Barua yako niliipata Jumatatu, tarehe 5. Nimeisoma mara nne na sijajibu mpaka leo, jambo ambalo unajua si kawaida yangu. Umeniomba nimchukue shangazi. Umeeleza kwamba tangu avunjike nyonga hawezi kuishi peke yake, na kwamba nyumbani kwako ngazi ni nyingi. Umeeleza pia kwamba mlipomuuliza anataka kwenda kwa nani, alijibu kwamba apelekwe kwa yule ambaye kwake kijiko hakigongwi mara mbili. Mkacheka wote, naye akacheka. Mimi sikucheka, dada, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini. Nivumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Mwezi uliopita presha ilinipanda nikiwa kazini. Nilikuwa nakagua mizani ya duka la nafaka, nikaona mshale mmoja umekuwa miwili. Mwenye duka alinikalisha juu ya gunia na kunipepea kwa kipande cha boksi, huku akinisihi nisifie pale, maana watu watasema mizani yake ilikuwa na kasoro, ndiyo maana akammaliza mkaguzi. Daktari wa zahanati alinipa vidonge, kisha akaniambia nihudhurie darasa la kutafakari. Hufanyika Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, katika ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Nilimuuliza kama hayo ni matibabu au ni kukaa tu. Akasema ni kukaa kunakotibu.

Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu. Tunamwita Mama Pumzi, kwa sababu kila analolianza huliishia kwenye pumzi. Wanafunzi tuko tisa, wote watu wazima wenye vidonge mifukoni. Jirani yangu ni dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hulala kabla hatujafika pumzi ya kumi. Siku moja Mama Pumzi alimuuliza ameona nini katika ule ukimya, akajibu kwamba ameona barabara, nayo ilikuwa nyeupe haina hata polisi mmoja. Dereva huyo hunitania mimi kwa sababu ya shajara ninayoiandika kila siku. Anasema hata nikifika mbinguni nitamuuliza malaika kwanza leo ni tarehe ngapi.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Unakaa kwenye kiti, nyayo chini, mikono magotini, macho umefumba. Mama Pumzi anagonga kibakuli cha shaba kwa kijiti, mara moja. Unasikiliza mlio mpaka ufe, kisha unahesabu pumzi zako. Baada ya dakika ishirini anagonga tena, mnafumbua macho. Kwa wiki tatu za kwanza nimeandika neno moja tu katika shajara: Nimekaa.

Jumanne, tarehe 6, siku moja baada ya kuipata barua yako, nimeandika: Hasira. Kibakuli kilipogongwa nilisikia joto likipanda kutoka tumboni mpaka shingoni, na nikatamani nimpokonye yule mama kijiti chake nikivunje gotini. Mtu ambaye hajanikosea kitu, na ambaye hutubebea maji ya kunywa kutoka kwake. Nilidhani ni presha. Alhamisi ikawa vilevile, mpaka meno yakaniuma kwa kuyakaza. Nilimweleza Mama Pumzi kwa aibu, naye hakushangaa. Alisema pumzi ni kama ufagio, haichagui takataka. Wengine hulia, wengine hucheka, kuna mzee mmoja aliona njaa ya utotoni mwake. Akaniambia hasira ikija niipe jina lake, niiache ipite, nirudi kwenye pumzi.

Sikumbishia, lakini kazi yangu imenifundisha vingine. Mizani ikiwa haina kitu na mshale haurudi kwenye sifuri, huipi jina. Unaifungua uone kilichoingia ndani. Kwa hiyo Jumanne, tarehe 13, sikuhesabu pumzi. Niliusikiliza ule mlio mpaka mwisho wake, na nilipoufikia niliona kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati cha mama, chenye ukingo wa bluu, na kijiko ndani yake.

Unakijua, dada. Kiharusi kilimchukua mama ulimi na mkono wa kulia, kikamwachia mkono wa kushoto na kijiko kile. Aligonga akitaka maji, aligonga akitaka kugeuzwa, aligonga wakati mwingine bila kutaka kitu, ila kuona tu kwamba nimekuja. Ulipotutembelea ulisema ni sauti nzuri, inakukumbusha shule. Mimi niliisikia kwa miaka minane. Mchana nikiwa kazini jirani alikaa naye. Jioni, usiku na mwisho wa wiki alikuwa wangu. Nilitoka chooni kwa mlio ule, niliacha chakula mdomoni kwa mlio ule. Dukani, chupa mbili zikigongana, nilikuwa nageuka. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kuhusu kumlea aliyekulea hawakusema neno, nadhani walikuwa wamechoka. Niliuchukia mlio ule, dada. Sikuwahi kumwambia mtu, wala kuuandika.

Lakini hasira siyo inayonifanya nikuandikie. Mtu aliyechoka hukasirika, hilo hata wewe ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Alhamisi iliyopita, tarehe 15, nilikaa kama kawaida. Kibakuli kilipogongwa, hasira haikuja. Mlio ulikufa polepole, na nyuma yake ukaja ukimya ambao sijui niuelezeje. Mabega yalishuka. Taya ikalegea. Nilisikia dereva akikoroma na haikunisumbua. Nilihisi kwamba hapana mtu duniani anayenihitaji, na kwamba hilo ni jambo tamu. Ndicho kitu chenyewe ambacho Mama Pumzi ametuahidi tangu siku ya kwanza, ambacho anasema wengine hukitafuta mwaka mzima. Nami nilipokifikia nilikitambua. Nilikuwa nimeshawahi kufika hapo, mara moja tu, na najua siku na saa.

Nilianza kulia. Sikulia kwa kwikwi; machozi yalishuka tu mpaka kola ikalowa. Dereva aliamka, akanipa kitambaa chake, akaninong'oneza kwamba hata yeye siku ya kwanza kuona barabara bila polisi alitaka kulia. Nilimshukuru. Sasa nakueleza wewe ambacho sikumweleza yeye.

Jumamosi ile mama alipofariki, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Sikuwa na kazi mkononi. Nilikuwa na chai iliyokwisha kupoa, natazama ukuta wa jirani. Saa tisa na dakika kumi mama aligonga kijiko. Nilisikia. Nikajiambia nitakwenda sasa hivi. Akagonga mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Sikuinuka. Mara ya tatu ilikuwa ndogo, kama kijiko kimeteleza tu ukingoni. Halafu kukawa kimya, na mimi, dada, badala ya kushtuka, nilipumzika. Mabega yalishuka na taya ikalegea. Nilikaa ndani ya ukimya ule dakika ishirini, na zilikuwa dakika nzuri kuliko zote katika miaka minane. Nilipoingia chumbani, saa tisa na nusu, kijiko kilikuwa sakafuni na mama alikuwa ameshaondoka.

Daktari aliyekuja alisema ni kiharusi cha pili na kwamba kilikuwa kikubwa. Sikumuuliza kama dakika ishirini zingebadilisha chochote. Niliogopa angejibu.

Jioni ile niliandika katika shajara: Saa tisa na dakika kumi mama amegonga. Nimekwenda. Amefariki nikiwa naye. Katika miaka ishirini na sita ya kuandika, huo ndio uongo pekee niliouandika, na ndio ukurasa pekee uliowahi kusomwa na mtu mwingine. Msibani uliniomba shajara, ukasimama mbele ya ndugu wote ukawasomea, kisha ukasema maneno yale: kwa huyu mdogo wangu, kijiko hakikugongwa mara mbili. Watu walinishika mkono. Shangazi alinibusu viganja. Kwa miaka miwili sasa maneno hayo yamenitangulia kila nyumba ya ukoo ninayoingia, nami nimeyaacha yanitangulie.

Kwa hiyo siwezi kumpokea shangazi kwa sifa ile. Sisemi simtaki. Chumba cha mama kipo, nimekipaka rangi mwaka jana, na kitanda kiko imara. Ninachoomba ni kwamba umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Akiisha kuisikia, achague. Akikataa sitauliza sababu, na hata akinichukia nitakwenda kumsalimu kama kawaida. Akikubali, basi nawe ukubali jambo moja: kila mwezi uje ukae naye wiki moja, goti likiruhusu, na lisiporuhusu umtume mmoja wa watoto wako wakubwa. Sitasema ni kwa ajili yake. Ni kwa sababu sasa najua nikichoka sana nafanya nini, na sitaki mzee mwingine anigongee bila kulijua hilo.

Kazini kwetu, tarakimu ikiandikwa vibaya kwenye daftari la ukaguzi, hairuhusiwi kufutwa wala ukurasa kutupwa. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa liendelee kusomeka. Pembeni unaandika kilicho kweli, kisha zinawekwa sahihi mbili: ya aliyekosea, na ya shahidi. Jana nimefanya hivyo. Nimepiga mstari juu ya maneno yale, na pembeni nimeandika: Amegonga mara tatu. Nimekwenda saa tisa na nusu. Hakuwa na mtu. Sahihi yangu nimeiweka, na ukurasa wenyewe nimeukata nikautia ndani ya bahasha hii. Sina shahidi mwingine, mama alituzaa wawili tu. Usome taratibu, na ukiweza, weka sahihi yako chini ya yangu, uurudishe. Usipoweza, urudishe hivyohivyo, nitaubandika mahali pake.

Jumanne nitarudi darasani. Mama Pumzi ameniambia nisiache, na dereva anasema kiti changu kikiwa kitupu yeye hapati usingizi.

Msalimie shemeji, na umwambie chumvi haina hoja. Wabusu watoto. Mpe shangazi mkono wangu, lakini baada ya kumsomea, si kabla. Goti lako ulifunge vizuri asubuhi kabla ya kushuka ngazi.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha kusoma saa.