Leso ya Kahawia na Masomo ya Wakesho

Jumapili, 2 Februari

Nimetoka kanisani, nimeinjika kunde, natafuta leso yangu ya kahawia. Kwa kamba hakuna. Kwa kitanda hakuna. Wakesho anasema hajaiona. Amejibu haraka sana. Mtoto niliyemzaa namjua.

Shemeji Mwakio alipita. Ijumaa anataka jibu langu: Wakesho aache masomo ya maigizo koleji, ahamie ualimu. Nafasi iko. Akanitania, "Mama Wakesho, umewahi kuona tangazo la kazi linatafuta mtu wa kulia uongo?" Nilicheka. Moyo haukucheka.

Jumatatu, 3 Februari

Leso bado. Nguo yenye jasho la mtu haipotei bure. Mimi ni mtu wa maombi, lakini habari za uchawi tumekua tukizisikia. Nimemshuku jirani. Mungu anisamehe.

Jumanne, 4 Februari

Nimerudi kutoka sokoni, mlango wa Wakesho umefungwa. Ndani nasikia sauti ya mama mzee analia, anataja mahindi yake. Nikabisha. Wakesho yuko peke yake. Eti ni masomo. Masomo gani ya kulilia mahindi?

Tena ananiangalia sana siku hizi. Nikifunga kichwa, anaangalia. Nikiketi, anaangalia. Namuogopa mtoto wangu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Februari

Nimeona ncha ya leso kwa begi lake. Sikuuliza.

Alhamisi, 6 Februari

Alisema anaenda Miasenyi kwa kazi ya koleji. Sikufungua kibanda changu cha sokoni. Nikamfuata.

Nikakuta baraza uwanja wa kanisa, habari ya ndovu wanaomaliza mashamba. Chifu yuko, afisa wa wanyamapori yuko, wakulima kimya. Ndivyo tulivyo. Nyumbani tunalalamika, mbele ya afisa tunaangalia viatu.

Mara akaingia mama mzee na leso yangu. Fundo kushoto, kama langu. Akajipiga paja kama mimi. Wakesho! Akamwambia kijana anayeigiza afisa, "Ndovu amemaliza shamba, wewe waniuliza picha yake ya ushahidi? Ningemwambia asimame vizuri?" Watu wakacheka.

Maneno yangu hayo. Nilimwambia yeye tu, jikoni, ndovu walipomaliza shamba letu. Nilikasirika. Ameyachukua machozi yangu watu wachekee.

Halafu akasimamisha mchezo katikati. Akavua leso, akauliza, "Huyu mama aseme nini sasa? Anayejua, aje aivae." Watu wakaangalia viatu. Nikajua ameaibika. Lakini mama mmoja akainuka, akajifunga, akasema habari ya shamba lake mwenyewe. Akafuata mwingine. Na mzee mmoja naye akaivaa, hakuna aliyemcheka. Afisa, yule wa kweli, akatoa kalamu, akaanza kuandika.

Leso ikafika kwangu. Wakesho akaniona. Uso ukamsawijika. Hapo hakuwa anaigiza.

Nikajifunga. Nikasema yote. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu wa serikali.

Ijumaa, 7 Februari

Shemeji alikuja mapema. Nikamwambia Wakesho atamaliza alichoanza. Akauliza, "Na kazi?" Nikamwambia ukweli, sijui. Afisa amemuomba mwalimu wao wa koleji awalete na mchezo wao Mboghoni, kuna wakulima huko pia hawasemi. Baada ya hapo sijui. Shemeji akasema Mboghoni si mshahara. Ni kweli, si mshahara. Lakini ile ya jana nimeiona ni kazi. Amekunywa chai, ameenda. Hajafurahi.

Nimemgombeza Wakesho kwa kuchukua bila kuuliza. Amesema, "Pole mama, ningekuuliza ungeanza kutembea vizuri." Nimejaribu kununa, nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefua leso. Ilikuwa na jasho la watu wengi nisiowajua. Sikuogopa.

Imekauka. Nimeikunja, nimeirudisha kwa begi lake.