Kipepeo wa Kigingi cha Saba

Mgeta, Morogoro

Mama, shikamoo.

Miguu inakusumbua bado? Na huko Kasulu mvua imeshika? Mimi nipo, ila jicho la kushoto halijafunguka. Naandika kwa sababu kwenye simu ungelia nisimalize.

Kazi yangu unaijua: kupiga picha wadudu kwa karibu, mpaka unga wa bawa la kipepeo uuhesabu. Nimejifundisha mwenyewe. Hapa nilipata viwavi saba waliojifunga kwenye maganda yao, wanasubiri kutoka vipepeo. Ili nisiwapoteze, kila mmoja nikamchomekea kigingi chenye utepe mwekundu. Kosa langu ni hilo. Huku watu walishahamishwa mashambani kwa vigingi vya wapima ardhi vya namna hiyo.

Jumanne asubuhi nimelala kifudifudi kwenye kigingi cha saba. Ganda linapasuka, kamera inajipiga yenyewe kila sekunde kumi. Mpini wa jembe ukatua mgongoni mwangu. Walikuwa tisa. Nikasema ni vipepeo tu, mwanamke mmoja akacheka. "Kipepeo gani anapimiwa kigingi? Mtoboeni macho, tuone atapima na nini."

Mbavu mbili zimevunjika. Meno matatu niliyatema kwenye majani.

Aliyenibeba mpaka zahanati ni mwenyeji wangu, Baba Yustina, ambaye nakaa kwake mwezi wa tano sasa. Alisema alikuwa bondeni kwenye kabichi, akasikia kelele, akakimbilia. Nilimshukuru kwa machozi, Mama.

Jana nikafungua kamera. Picha sitini na moja, dakika kumi za kupigwa kwangu. Kwa karibu vile anaonekana kipepeo tu. Nyuma yake mipini na miguu ni ukungu, hakuna sura hata moja. Kwenye ya thelathini na tisa mkono umekuja mbele kung'oa kigingi, kipepeo kapondeka kiganjani. Mkono huo unaonekana mpaka vinyweleo. Kidole gumba hakina kucha. Mama, mkono huo nimekula nao sahani moja miezi yote hii.

Usiniambie nisamehe. Kunipiga naelewa, shamba la mama yake lilikwenda na utepe kama ule. Kuninywesha uji kwa mkono uleule, na uongo juu yake, sielewi.

Msalimie kaka, aliyesema kazi hii ni ya watoto, na shangazi anayenishikia rozari.

Jioni Baba Yustina ataingia na uji. Picha ya thelathini na tisa nimeiacha wazi mezani, pale anapoweka bakuli.

Mwanao,
Deo