Trekta na Kachumbari ya Maembe

Jumatatu, 9 Desemba
Mkaa umelowa tena. Nimepuliza mpaka machozi. Joto la Masumbwe halina adabu, wateja hawataki supu, wanataka nyama choma na kachumbari yangu ya maembe. Mwanzo walinicheka, eti nachanganya nyama na matunda ya watoto. Sasa wanaomba bakuli la pili.
Ng'ombe wa Baba bado yumo zizini kwangu. Trekta, ndilo jina lake. Amelima miaka kumi na mmoja, pembe ya kushoto imekatika. Baba alinikabidhi alipolazwa hospitali ya Kolandoto kwa ajili ya mguu. Nimtafutie mtu mwenye shamba dogo, amalizie uzee huko. Kwetu ng'ombe aliyetulimia hatumli. Mwiko.

Jumatano, 11 Desemba
Baba Joyce, mwenye duara, shimo la kuchimba dhahabu, anataka nyama ya kipaimara cha binti yake Jumamosi. Ng'ombe mzima. Mchinjaji wangu hana kitu mpaka mnada ujao. Nimekubali kabla ya kufikiri. Mdomo wangu huu.
Mama Neema kaniambia, "Yule si wako." Nimemjibu mke wangu vibaya.

Ijumaa, 13 Desemba
Nimemchinja. Alitoka zizini mwenyewe, hakuvutwa. Nadhani alifikiri tunakwenda shambani.
Nyama ngumu. Kesho alfajiri nitaipaka papai bichi, ilainike. Sijala mchana.
Baba kapiga simu jioni. Karuhusiwa, anakuja kesho, ananiletea maembe ya kachumbari. Nimesema karibu. Nimesema pia Trekta kapata mkulima. Mwongo mimi.

Jumamosi, 14 Desemba
Sherehe imefana. Baba kafika na mkongojo wake na mfuko wa maembe. Kaketi karibu na jiko, kanikatia karibu yote. Vipande vidogo, sawasawa, vizuri kuliko vyangu. Vitunguu, pilipili, ndimu, akachanganya kwa mkono.
Nilimwekea kuku. Baba Joyce akaniwahi na sahani ya mbavu. "Shikamoo mzee. Karibu, mwanao ni fundi."
Nilikuwa nageuza nyama. Ningeweza kusema. Watu walikuwa wengi, nikamwonea haya Baba Joyce kuliko baba yangu. Baba kala. Kaongeza kachumbari. Kasema siku nyingi hajala nyama tamu hivi.
Najichukia.

Jumapili, 15 Desemba
Asubuhi Baba kaenda nyuma ya banda kunawa. Kichwa cha Trekta nilikuwa nimekifunika gunia. Mbwa wamelivuta.
Nimemkuta Baba kasimama mbele ya kichwa, anaitazama ile pembe iliyokatika. Sikujua pa kuweka mikono.
"Alisumbua?"
"Hapana, Baba."
"Hajawahi kusumbua."
Kaomba maji. Kasukutua, kayatema, kasukutua tena. Nimeongeza maji mara tatu. Nimesema nisamehe, kwa sauti ndogo sana, sijui kama kasikia.
Kaondoka na basi la saa nne. Hakutaka nimbebee mfuko.

Jumanne, 17 Desemba
Nimempigia saa tano asubuhi. Mama kapokea. Kasema amelala. Baba hajawahi kulala saa tano asubuhi.
Wateja wameulizia kachumbari. Maembe ya Baba yamebaki manne kwenye beseni, yameanza kulainika. Nimeshika kisu, nimekirudisha. Leo nimewapa ya nyanya.