Ile V ya Hoteli ya Mama Atieno

Baba Njeri mpendwa,

Tangu asubuhi nimekaa mbele ya kompyuta hapa dukani, mtaa wa Langas, nikiweka kivuli kwenye herufi za bango la kinyozi mmoja. Nabonyeza herufi, naivuta kidogo, kivuli kinatokea chenyewe. Macho yananiuma, mgongo pia, na mteja amerudisha kazi mara tatu. Wewe ungemaliza siku nzima kwa herufi moja. Ungerudi nyuma hatua tano, ufumbe jicho, halafu useme, "Mama Njeri, bado imelala. Tuisimamishe."

Wewe ndiwe ulinifundisha kusimamisha herufi, kwa rula, penseli na rangi ya mafuta. Ulipopatwa na homa, ukaniachia bango la Mama Atieno, yule aliyetoka upande wa ziwa akafungua hoteli karibu na stendi. Alitaka VICTORIA HOTELI. Nilipanda ngazi nikaichora V kubwa kuliko zote, nene, na kivuli chekundu, utadhani inaruka kutoka ukutani. Watu walisimama kuitazama. Nilijivuna sana.

Ilikuwa ile miaka ya chama kimoja, na watu walikuwa wameanza kuinua vidole viwili barabarani kudai vyama vingi. Mimi sikuyafikiria hayo hata kidogo. Siku ya tatu askari wawili wakaja nyumbani.

"Nani amechora ile V?"

Nilifungua mdomo. Wewe ukainuka kitandani, blanketi mabegani.

"Ni mimi, afande."

"Na hizo vidole mbili ni za nini?"

"Si vidole, afande. Ni jina ya ziwa."

"Utaeleza huko mbele. Panda gari."

Ulinitazama mara moja tu, nikajua unataka ninyamaze. Nikanyamaza. Ulirudi baada ya siku tisa, vidole vya mkono wa kulia vimevimba, na havikukunjika vizuri tena. Brashi ikawa yangu. Wateja walidhani bado unachora wewe, nasi hatukuwaambia.

Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, hadi nilipokuzika, na hukunilaumu hata siku moja. Mimi nami sikusema pole, wala asante. Kila nikitaka kuanza, uliniuliza kama chai iko tayari.

Jumapili iliyopita Njeri aliwasimulia watoto wake jinsi babu yao alivyochora V kuipinga serikali. Nilikuwa nimechoka, Baba Njeri. Nimechoka na hiyo hadithi.

"Ni mimi niliichora," nikamwambia. "Na sikuwa napinga mtu. Nilitaka tu ipendeze."

Kisha akauliza, "Na Baba alijua watamuumiza?"

Nikamwambia ulijua.

Pumzika, mume wangu. Mimi nami nazima hii mashine nikalale.

Mkeo,
Mama Njeri