Mlango wa Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta mpya imefika. Binti yangu aliileta kabla ya kwenda kazini, akahamisha kila kilichokuwemo kwenye ile ya zamani, kisha akaondoka na ya zamani kwapani. Ofisini kwao kuna mtu wa kuifuta, itapewa shule. "Hii huhitaji kuipiga kofi ndiyo iwake, Baba." Kweli, ile nimeipiga makofi miaka mingi. Tulizoeana.

Nilibakiwa na kazi moja: kuunganisha diski ya nje, ile ya bekapu. Programu ikauliza — diski hii ina nakala za kompyuta nyingine. Uendelee nazo, au uanze upya? Nikabonyeza "Anza upya". Sikufikiri hata kidogo. Nimehamia nchi tatu, na kwenye kila dirisha la ofisi ya uhamiaji nililosimama mbele yake, hilo ndilo lililokuwa jibu la kupita haraka.

Taa ya diski inapepesa. Mambo shwari.

Jumanne, 4 Machi

Si shwari. Nimeamka na kukuta alama nyekundu: nafasi haitoshi. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nyekundu vilevile! Nikaingia kwenye mipangilio, miwani puani, chai ikipoa pembeni, hadi nikakuta kisanduku kimeandikwa kwamba programu ifute nakala za zamani zaidi kila nafasi inapopungua. Nikatia tiki.

Mimi, niliyekula mshahara miaka yote kwa kusoma maandishi ya wenzangu kabla hayajachapwa, nikiwinda koma iliyopotea. Sentensi ile niliisoma nusu.

Jioni tiki ikageuka ya kijani. Nikampigia binti yangu kujigamba. Akasema karibuni watanipa ajira kwao.

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku kapiga simu. Ni binti wa kaka yangu. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa mdogo, maana mdomo wake haukuwa na breki. Leo aliongea polepole. Kaka ametoka hospitali, yuko nyumbani kwao. Mguu umeanza kutii. Ulimi bado. Tangu kiharusi cha Novemba hajatamka neno, hata jina lake mwenyewe. Mtaalamu anayemfundisha kusema ana wazo: asikilizishwe sauti yake ya zamani, akisimulia jambo alilolipenda. Atakuja Jumatano.

"Baba mdogo, si unazo zile rekodi zenu za Jumapili? Huku hatuna hata moja. Baba hakutaka mtu amrekodi. Wewe tu ndiye alikukubalia."

Ninazo, nikamwambia. Nakutumia leo leo.

Mwaka juzi, kila Jumapili, kaka na mimi tuliujenga tena mtaa wetu kwa simu, nyumba hadi nyumba. Mtaa tulimozaliwa na tulioukimbia. Sasa haupo hata kwenye ramani. Yeye alisimulia, mimi nikarekodi, kisha nikaandika. Maandishi yapo. Yamenyooka, yana vichwa na kurasa. Rekodi — folda tupu!

Nikakaa kitini. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka jana kompyuta ilianza kujikokota, nikazifuta kwa mkono wangu ili kuipunguzia mzigo. Zipo kwenye diski, nilijiambia. Kumbe diski ndiyo iliyokuwa na nakala za pekee, na tangu Jumanne, kwa ruhusa yangu, programu inazila za zamani ili ipate pa kuweka mpya.

Niliuchomoa ule waya kama mtu anayeepua sufuria inayoungua.

Chiriku sikumpigia. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi wa kompyuta, chini ya duka la miwani. Mama wa makamo, bisibisi nyuma ya sikio, redio inakoroma.

"Mzee wangu, nani kakutilia hii tiki?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi tumeshampata mwizi, polisi hawahitajiki."

Nilicheka bila kupenda. Akasema watu wengi hudhani bekapu ni stoo, unatupia kitu humo unasahau. Si stoo. Inafuata unachokifanya: ukikifuta kitu huku, kule kinasubiri muda tu, kisha nacho kinaondoka. Alizima kazi zote za kujiendesha zenyewe. Akaiambia programu isianze upya, ishike nakala za ile kompyuta ya zamani na kuziendeleza. Ikadai nywila ya zamani. Nikajaribu tarehe ya kuzaliwa binti yangu — siyo. Namba ya nyumba ya hapa — siyo. Nikajaribu jina la mtaa wetu. Ikafunguka.

Kalenda ikatokea kwenye kioo. Nakala zinaanzia Juni mwaka jana. Nyuma ya hapo, patupu. Rekodi nilizifuta Mei.

Nilisema asante, nikaanza kuikunja mikono ya koti bila sababu. Mama akanitazama. "Subiri kwanza. Hukuweka nyingine pembeni? Watu wanatupatupa mafaili kama funguo." Akatafuta Juni nzima kwa aina ya faili.

Likatoka moja. Halikuwa kwenye folda, lilikuwa pale mbele kabisa, kwenye uso wa kompyuta. Nilikuwa nimelipa jina: "Ushahidi wa mlango".

"Ushahidi wa nini? Mna kesi?"

Nikamwambia ni mambo ya kaka na mdogo wake. Akasema hizo ndizo kesi zisizo na hakimu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeisikiliza yote. Ningependa kuandika kwamba nilisikia sauti ya kaka. Nilichosikia ni sauti yangu. Hapana. Hapana, kaka. Siyo hivyo. Ngoja, umeruka nyumba. Hapana. Nani anaweza kusimulia hivi? Nilikuwa namsahihisha kaka yangu kama karatasi za matbaa, kalamu nyekundu mkononi.

Na kile nilichokiita ushahidi ni hiki. Kaka anasimulia siku tuliyoondoka. Anasema mtaa mzima ulijifungia ndani, fundi saa peke yake ndiye alisimama nje.

"Pale mlangoni kwake, mlango ule wa buluu. Akaniita kwa kidole. Nikaenda. Akatia mkono mfukoni, akanipa —"

"Wa kijani," nasema mimi.

"Wa buluu, bwana."

"Kijani, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa pale kila siku kumsubiri Mama."

Tukabishana kweli kweli! Mwisho anacheka, kicheko kile cha kumwachia mtoto mpira. "Haya, msomi. Andika kijani." Kisha anahamia nyumba inayofuata.

Fundi saa alimpa nini? Hakusema. Mimi sikuuliza. Nimefungua maandishi yangu, ukurasa wa fundi saa: "Mlango wa kijani." Basi. Hakuna siku ya kuondoka, hakuna mfuko, hakuna mkono.

Faili nililiweka pembeni ili nije kumwonyesha kwamba hata yeye alikubali. Agosti nikalifuta, kwa haya. Sikumwomba radhi, nilifuta faili.

Jumapili, 9 Machi

Siku yetu ya simu. Nilijikuta nimekaa karibu nayo saa ileile.

Bekapu imekaa sawa sasa. Nimeiunganisha tena kama mama yule alivyonielekeza, tiki ile nimeiondoa, na rekodi iko kwenye kompyuta, kwenye diski na kwa binti yangu. Uangalifu umekuja nyumba ikiwa imeshaungua.

Binti yangu alikuja mchana, nikamwomba anifundishe kukata sauti. Nilitaka kujiondoa. Chiriku asinisikie, mtaalamu asinisikie, kaka abaki peke yake na mtaa wake. Tukakata sehemu zangu. Tukasikiliza. Kaka anasema, "Wewe umesahau tu," na hakuna wa kuambiwa. Anacheka, na hakuna aliyemchekesha. Kama mtu anayeongea na ukuta.

"Baba, sasa hivi anaonekana ndiye mgonjwa," binti yangu akasema. Kisha akaona uso wangu, akajishika mdomo.

Nimetuma nzima. Nilimwandikia Chiriku ukweli wote: nyingine zimepotea, nimezipoteza mimi, hii ndiyo iliyobaki na haina adabu. Akajibu neno moja. Asante. Chiriku, neno moja!

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ulikuwa wa buluu, kaka. Nisamehe.

Na inawezekana kabisa ulikuwa wa buluu. Nikifumba macho nauona wa kijani, lakini siku hizi nikifumba macho naona vingi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika huku simu iko mezani, spika wazi. Chiriku kaniomba nisiseme kitu kwanza. Kule kwao nasikia kiti kinavutwa, mtaalamu anasalimia, anamwambia kaka kwamba leo hatamsumbua, wasikilize tu.

Rekodi imeanza. Sauti yangu imekwenda nchi nyingine, sasa inanirudia nyembamba. Hapana, kaka. Hapana. Najikunja kitini. Kwa kaka hakuna sauti yoyote.

Imefika siku ya kuondoka. Mlango. Mfuko. "Akanipa —" "Wa kijani."

Kishindo! Kikombe, au fimbo. "Baba!" Chiriku anasema. Rekodi imezimwa.

Pumzi. Nzito, ya mtu anayepanda ngazi.

"Bu."

Huku kwangu hata kalamu nimeinyanyua.

"Bu — luu."

Chiriku analia au anacheka, sijui. Mimi neno langu liko tayari kinywani, nimelibeba siku tatu. Nimesema, "Kaka —" na Chiriku kaikwapua simu, ananong'ona mbio mbio kama zamani.

"Usikubali, baba mdogo! Usimkubalie! Mtaalamu anasema mbishie, mbishie tena, kakasirika huyu, macho yamemtoka! Nakurudisha kwake. Mbishie!"

Nasikia simu ikiwekwa karibu naye.

"Kijani, kaka," nimesema. "Ulikuwa wa kijani. Na yule fundi saa hakukupa kitu."

Anavuta pumzi.